Jiwe la Arobaini na Moja

"Sindano, hilo lori lisifike kivukoni," redio ya polisi ilikoroma. "Mafuriko yamebakiza saa mbili."

Sindano alikanyaga mafuta, Land Cruiser ikalipita lori kwenye kona, akaikingamisha barabarani. Dereva wa lori akafunga breki. Alipoinua macho, alitazamana na mdomo wa bastola ya Glock.

"Shuka, ndugu yangu. Taratibu."

Dereva akashuka, na bila kuulizwa mara mbili akamwaga yote. Mawe aliyobeba yaling'olewa chini ya daraja na watu wa mwenye kivuko. Daraja likianguka, mizigo yote ingepita kwake, na magendo yake humo humo, bila mkaguzi.

Sindano akafunua turubai. Mawe makubwa kumi na mawili, bado yanachuruzika maji, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Yaliwekwa chini ya nguzo ya tatu ili mto usichimbe msingi. Kulikuwa na mzamiaji wa kuyahesabu kila asubuhi.

Mzamiaji huyo alikuwa kaka yake.

Kaka aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Aliyemfundisha kuogelea. Moyo ulimkataza kupiga simu. Akapiga.

"Kaka, umezama leo?"

"Nimezama, mdogo wangu. Mawe yote yapo."

"La arobaini na moja?"

"Nimelishika kwa mkono wangu."

Sindano alikuwa amelishika pia, pale juu ya lori. Lilikuwa la baridi.

Akakata simu. Akaamuru daraja lifungwe, lori ligeuzwe, kreni iyarudishe mawe. La mwisho lilizama dakika kumi kabla ya mafuriko. Maji yakaja mekundu, yakaipiga nguzo, yakagawanyika, yakaenda zao. Daraja likabaki limesimama. Mwenye kivuko alikamatwa akiwa na darubini mkononi, bado anasubiri lianguke.

Kaka akaletwa akiwa na pingu.

"Waliniambia daraja litapata ufa tu, lifungwe," alisema, macho chini.

Sindano akafungua begi la kaka la kuzamia. Nguo ilikuwa kavu, na vumbi kwenye mikunjo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama utamwambia nini?" kaka akauliza.

Sindano akatupia begi begani, akavuka daraja kwa miguu, bila haraka, magari yakianza kupita. Simu ikaita. Mama alikuwa anamtafuta kaka, hapatikani.

"Yuko kazini, mama," alisema, kwa sauti tulivu, ileile aliyodanganywa nayo na kaka asubuhi.