Mkate wa Wenye Nyumba

Ukitaka kujua watu wa Zemun tuna kiburi kiasi gani, njoo sokoni siku moja kabla ya Mtakatifu Nikola. Nusu ya mji humtukuza Nikola kama mtakatifu wa ukoo, na siku yake huangukia kwenye mfungo, nyama hailiwi. Basi kila mtu anataka samaki, tena mkubwa kuliko wa jirani. Foleni huanzia vibandani ikamwagikia barabarani. Hapo ndipo Relja alipomwona Senka kwa mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita. Relja alikuwa mtu wa arobaini kwenye foleni, ndani ya koti refu la sufu ya kijivu, shingoni ana skafu aliyofungwa na mama yake.

Senka alivaa aproni ya mpira ya kijani iliyofika kwenye buti, midomo kaipaka rangi nyekundu, na masikioni zilining'inia hereni za dhahabu za bibi yake. Kibanda ni chake. Alikirithi kwa baba, na baba kwa babu. Kisu kilitembea mkononi mwake bila yeye kukitazama.

"Huyu ana kilo ngapi?" Relja aliuliza.

"Nne na nusu."

"Anaonekana mdogo."

Senka alimtazama kuanzia skafu hadi viatu. "Kaka, unafanya kazi gani wewe?"

"Daktari wa meno."

"Basi siku nikija kwako sitakuambia jino langu linaonekana dogo."

Foleni ilicheka. Relja aliiva uso hadi masikioni, lakini hakukubali kushindwa. "Njoo tu. Nitakutibu bure."

"Utatibu nini? Thelathini na mbili, yote mazima." Akamwonyesha.

Kweli yalikuwa mazima, na mtu anayeshinda kutwa akitazama meno mabovu alikwisha palepale. Alirudi kesho yake, na keshokutwa.

"Kwenu mnakula samaki kila siku?" Senka aliuliza.

"Hatuli. Jirani ana paka saba."

"Chukua namba yangu, dokta, uache kuwanenepesha paka wa watu."

Walipendana kwa nguvu na kugombana kwa nguvu. Waligombana kwa ajili ya chumvi, ya filamu, ya zamu ya nani kupiga simu. Mara moja Senka alitupa funguo za gari la Relja kwenye mto Danubi. Mara nyingine Relja alisimama chini ya dirisha lake mvuani, kakumbatia mkate wa jibini wa moto, hadi akafunguliwa. Sisi majirani tulikuwa tumezoea.

"Umekula?" Relja angeuliza kwenye simu.

"Sisemi nawe."

"Najua, roho yangu. Nauliza tu kama umekula."

"Nimekula."

"Nini?"

"Relja, nimekuambia sisemi nawe. Maharage."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, na wangeendelea hivyo kama si sherehe ya mwezi wa kumi mwaka huu. Daktari Milijana, mwenzake Relja katika kazi, alikuwa anafungua kliniki yake mpya. Senka alivaa gauni la mahameli ya buluu nzito, nywele kazifunga juu, shingo wazi, na ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Relja alitembea kando yake kifua mbele. Ndipo mwenye sherehe akawasogelea, akauliza kwa wema kabisa, "Na wewe dada, unafanya kazi gani?"

Kabla Senka hajafungua mdomo, Relja alijibu, "Yuko kwenye biashara ya vyakula. Usambazaji."

Senka aliweka glasi mezani, akachukua koti lake, akarudi Zemun kwa miguu na viatu vyake virefu. Simu aliipokea akiwa njiani.

"Nilikuwa nakulinda, roho yangu."

"Unanilinda na nini? Na kibanda cha baba yangu?"

"Watu wale wana midomo."

"Si wewe ndiye daktari wa midomo? Ungewaziba. Relja, ukipenda boga, penda na ua lake. Siku utakapoweza kuitamka kazi yangu mbele za watu, nitafute."

Akakata.

Relja angeweza kuyamaliza mapema, maana tarehe nane ya mwezi uliofuata ilikuwa slava ya akina Senka, siku ya mtakatifu wa ukoo wao. Na kwenye slava haalikwi mtu, hata mtoto wa huku anajua hilo. Mlango huachwa wazi. Aliyekuja mwaka jana huja mwaka huu, na asiyekuja ndiyo kashasema basi. Relja alikuja mwaka jana. Mwaka huu alivaa suti, akakaa kitandani simu mkononi, akingoja Senka ampigie amwambie njoo. Daktari mzima, kiburi kimemla akili. Kule Senka alimwekea sahani, akamtunzia supu ya moto mpaka wageni wote wakaondoka. Kisha aliila mwenyewe, kwa kusimama, akilia. Mgeni hakuja na mwenyeji hakupona.

Zikapita siku arobaini bila neno. Ikafika tena siku ya foleni, na safari hii Relja alijua anachongoja. Mwaka jana Senka alikuja kwenye slava ya akina Relja, siku ya Nikola. Asipotokea kesho, wamekwisha, na kumwita hawezi.

Alisimama kwa saa mbili kwenye theluji kabla ya zamu yake.

"Wa watu wangapi?" Senka aliuliza, kama hawajawahi kuonana.

"Kumi na wawili."

Senka akampimia samaki mnene wa kilo sita, akaanza kumtoa magamba.

"Senka, sikuja siku yenu."

"Niliona."

"Nilingoja unipigie."

"Tangu lini slava inapigiwa simu?"

"Nilikosa. Na kesho nami siwezi kukuita."

"Huwezi."

"Lakini mlango utakuwa wazi."

"Milango yote ya Zemun kesho iko wazi." Akamkabidhi mfuko. "Anayefuata."

Bibi mmoja wa kofia ya manyoya alimgusa Relja mgongoni. "Mwanangu, mapenzi mazuri, ila songa, tunaganda."

Kesho yake nyumba ilijaa. Mshumaa uliwaka, divai ilikuwa mezani, na mkate wa mtakatifu katikati, mng'avu, umesukwa pembeni. Mimi nilikaa karibu na jiko. Daktari Milijana naye alikuwepo.

"Tukate mkate?" aliuliza Mama Radojka, mama yake Relja, saa sita.

"Bado kidogo, mama."

Saa saba akauliza tena, akajibiwa vilevile. Alitazama mlango, akarudisha supu jikoni.

Senka aliingia saa saba na nusu. Alikuwa na koti jekundu, na ndani ya koti ile aproni ya mpira, na buti, na hereni za bibi yake. Nyumbani kwake ni hatua mia kutoka sokoni, angeweza kupita kubadili. Hakupita, na kila mtu alielewa. Akambusu Mama Radojka mara tatu.

"Heri ya mtakatifu wenu. Nanuka samaki, mama."

"Nyumba nzima inanuka samaki, binti yangu. Ndiyo siku yenyewe."

Relja aliinua mkate. Mkate ule huzungushwa na wenye nyumba peke yao, wageni husimama wakatazama. Tangu baba yake afariki waliushika wawili tu, yeye na mama yake.

"Senka," alisema, "njoo ushike."

Kwetu hata pete haisemi zaidi ya hapo. Lakini Senka hakusogea.

"Kwanza waambie wageni wako mimi ni nani."

Relja alimgeukia Milijana, mkate mikononi. "Daktari, mwezi wa kumi uliuliza swali nikakujibu uongo. Huyu anauza samaki soko la Zemun, kibanda cha tatu kutoka mtoni, cha baba yake na babu yake. Samaki aliye jikoni kasafishwa na yeye. Nilisimama saa mbili kumnunua, na kama ingebidi ningekuwa bado nimesimama. Nampenda Senka, na nilimwonea aibu, na aibu ile ilikuwa yangu."

Senka alivua koti akalitundika. Akaja na aproni yake, kichwa juu, mikono mikavu, myekundu kwa baridi.

"Sikuiosha mikono vizuri," alimnong'oneza.

"Shika."

Wakauzungusha watatu. Mzunguko wa tatu gamba moja la samaki lilimdondoka Senka mkononi likabaki juu ya mkate, likimeta. Mama Radojka aliliona. Hakulitoa. Akachukua chupa, akamimina divai.