Namba ya Gari la Wagonjwa

Kila Jumamosi, baada ya chuo cha Kurani, Fathia alikwenda dukani kwa mama yake, Maryan, aliyetengeneza stika za magari katika mji wa Isiolo. Kazi ya Fathia ilikuwa kubandua taratibu mabaki ya stika zilizokatwa mpaka zibaki herufi tu. Lakini Jumamosi hii alifika akiwa na siri.

Jana yake jioni, Mama alipokwenda kuswali, Fathia aliigusa plota, ile mashine ya kukata stika aliyokatazwa kabisa. Alitaka kukata jina lake kwenye kadi ngumu. Mashine ikakwaruza, kadi ikakwama. Fathia akasogeza magurudumu ya mpira yanayobana karatasi, akaivuta kadi kwa nguvu, akazima mashine na kunyamaza.

Sasa gari jipya la wagonjwa lilikuwa nje, likisubiri kuandikwa namba ya simu kabla ya kwenda Merti. Mama aliinua stika ya kwanza, akakunja uso. Maduara ya tarakimu hayakufunga. Nane ilionekana kama tatu.

"Bandika tu, Maryan," akasema Waqo, dereva. "Njia ni ndefu."

"Mgonjwa akipiga namba isiyo yenu je?" Mama alimgeukia Ntinyari, msichana aliyemsaidia kazi. "Umeifanya nini mashine?"

"Haki ya Mungu, Mama Fathia, sijaigusa tangu jana mchana."

"Basi imejiharibu yenyewe? Chukua mkoba wako uende."

Ntinyari aliuchukua mkoba, macho yamejaa machozi. Fathia alimfuata kwa macho. Akisema, atachapwa. Asiposema, Ntinyari atafukuzwa bure.

"Mama, ni mimi! Nilikata kadi."

Mama hakumtazama. Alichomoa kile kiwembe kidogo cha mashine, akakielekeza kwenye mwanga. Ncha ilikuwa imevunjika. Akatia kipya, akajaribu kukata duara moja dogo. Likafunga vizuri. Fathia akashusha pumzi.

Lakini namba nzima ilipokatwa, tarakimu zilianza kupanda kama zinakwea kilima. Ya mwisho ilitoka nusu.

"Mbona bado?" Mama akauliza.

Nje, Waqo aliwasha injini. Kukiri mara ya pili kulimtisha Fathia kuliko mara ya kwanza.

"Mama... nilisogeza magurudumu pia."

Ntinyari aliinama haraka. Kweli, gurudumu moja lilikuwa limekaa pembeni, halikuibana karatasi, ndiyo maana ilikuwa ikiteleza upande mmoja. Akalirudisha, akanyoosha karatasi, wakakata upya. Safari hii nane ilikuwa nane.

Namba ilipobandikwa na gari kuondoka, Fathia alijikunyata ukutani akisubiri kofi. Badala yake Mama alimwendea Ntinyari.

"Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza."

"Nisamehe na mimi," Fathia akasema, akilia.

"Yamepita," Ntinyari akajibu, akiurudisha mkoba wake msumarini.

Mama alimshika Fathia bega. "Kuigusa mashine ni kosa, na utaadhibiwa: hutaingia dukani mpaka mwezi uishe. Lakini uoga wako ndio uliotutia hatarini. Uliponiambia nusu ya ukweli, nilitengeneza nusu ya tatizo, na karatasi ikaharibika tena. Mwanangu, ukikosea, ogopa kuficha zaidi kuliko unavyoogopa kuchapwa. Sema mapema, na useme yote."