Mkuki Ambao Odindo Hakuushika

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Zeituni binti Obeid alijitwika debe tupu na kushika njia ya bomba. Katika miaka ile ya ishirini Kisumu ulikuwa bado mji mdogo wenye gati ya meli, stesheni ya reli, safu ya maduka ya Wahindi, na nyumba za Wazungu kule juu kilimani. Bomba lilikuwa moja kwa mitaa miwili. Anayewahi alikuta wenzake kumi, na anayechelewa alikuta thelathini.

Mwaka huo tauni ilikuwa imeingia mjini. Panya walikutwa wamekufa kwenye maghala, na nyumba kadhaa zilichomwa moto ili ugonjwa usienee. Serikali ikatangaza karantini. Ufuo ulio nyuma ya mtaa wa Waswahili ukafungwa, mtumbwi usitue wala mtu asiteke maji hapo. Vijiti vyenye vitambaa vyekundu vilichomekwa mchangani, na askari wakawekwa kulinda. Salme, mama yake Zeituni, alikuwa mkali kuhusu jambo hilo. Alimwambia binti yake asikanyage ziwani hata kama foleni ya bombani ingefika Maseno.

Jumatatu moja foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Zeituni alisimama mpaka jua likapanda, na mbele yake bado kulikuwa na watu ishirini. Alimfikiria Mwalimu Yahya, ambaye hakupenda wachelewaji. Kisha akalifikiria ziwa, lililokuwa hatua mia tatu tu kutoka pale. Hakumuaga mtu. Alitoka kwenye foleni, akapita nyuma ya maboma ya ng'ombe, akajipenyeza kwenye mafunjo yaliyomzidi kimo, akainama na kuzamisha debe lake.

Hapo akasikia kafi likipiga maji. Mtumbwi ulikuwa unakuja kutoka upande wa pili wa ghuba. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuwa akiuendesha, na miguuni pake mtu alilala chini ya ngozi ya ng'ombe. Ufukweni alisimama Koplo Mabruki, askari kijana ambaye Zeituni alimjua kwa sura, bunduki mkononi. Koplo alipiga kelele kwa Kiswahili kwamba mtumbwi urudi. Kijana alijibu kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, kwamba mama yake ana homa siku ya nne na anampeleka hospitali. Zeituni aliyaelewa yote, kwani watoto wa Kisumu walikua na lugha mbili kinywani. Lakini wale wawili hawakuelewana. Koplo akapaza sauti zaidi. Kijana akasimama ndani ya mtumbwi, akainua kafi na kuelekeza ncha yake kwa mama yake, kama mtu anayesema: tazama mwenyewe.

Mlio wa bunduki ulirusha ndege wote waliokuwa kwenye mafunjo. Kijana alianguka ndani ya mtumbwi.

Koplo Mabruki alishusha bunduki. Kisha akaangaza macho huku na huku. Aliingia majini, akauvuta mtumbwi mpaka mchangani, akalichukua lile kafi na kulitupa mbali ziwani. Alikwenda kwenye mtumbwi mwingine uliokuwa umeegeshwa pale ufukweni, wenye pua iliyopakwa chokaa, akatoa mkuki wa kuvulia samaki. Aliulaza kando ya mkono wa yule kijana. Ndipo akapuliza filimbi.

Zeituni alikimbia. Alipofika nyumbani debe lilikuwa nusu na kanga imelowa. Mtaa mzima ulikuwa umesikia mlio. Baba yake, Obeid, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda kazini, alimuuliza alikuwa wapi.

"Bombani, baba," alisema.

Aliogopa fimbo ya mama yake, na uongo ulikuwa karibu na ulimi kuliko ukweli. Obeid alimwangalia kidogo, akamshukuru Mungu, akavaa koti lake juu ya kanzu na kuondoka.

Obeid alikuwa mkalimani wa korti. Babu yake Zeituni alikuwa ametoka pwani na misafara, akaoa huku ziwani, na mtoto wake akakua akisema Dholuo kama Mjaluo na Kiswahili kama Mswahili. Hakimu alikuwa Mzungu aliyejua Kiswahili cha kubabaisha, na Dholuo hakujua hata neno. Yeyote aliyetoka vijijini kuleta shauri alilazimika kuyapitisha maneno yake kinywani mwa Obeid.

Siku ya tisa korti ilikaa kuchunguza kifo cha yule kijana. Aliitwa Odindo, na hakuwa na ndugu mwanamume. Koplo Mabruki alieleza kwamba mtu huyo alikaidi amri, kisha akainua mkuki ili amchome. Mkuki wenyewe ulilazwa mezani. Mama yake Odindo, Mama Abich, alikuwa amepona homa katika kambi ya karantini, akaletwa akitembea kwa mkongojo. Alisema mwanawe hakuwa na mkuki. Alipoulizwa kama aliona kwa macho yake, alijibu kwamba alikuwa amefunikwa na ngozi, ila alisikia sauti ya mwanawe ikiomba. Hakimu akaandika kwamba shahidi alikuwa na homa na hakuona. Akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, lakini kila mmoja alitazama miguu yake. Hakimu akaahirisha shauri kwa siku nne. Alisema kama hatapatikana shahidi mwingine, koplo atarudi kazini.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Mama Abich alifika nyumbani kwa Obeid. Majirani kadhaa walimfuata, wakasimama nje ya ua. Salme alimpa kigoda, lakini hakukaa.

"Mzee, nimekuja kukuuliza jambo moja," alimwambia Obeid kwa Dholuo. "Maneno yangu ulimpa yule Mzungu kama nilivyokupa mimi?"

Obeid alijibu kwamba aliyatoa yote, neno kwa neno.

"Basi kwa nini hakuyaamini? Watu wanasema wewe na askari mnakula sahani moja. Wanasema tukikupa ukweli, unafika kwa hakimu ukiwa uongo."

Zeituni, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alisikia kila neno. Nje ya ua mtu mmoja aliguna, na mwingine akasema hivyo ndivyo ilivyo, korti ni yao na bunduki ni yao. Mama Abich alitoka polepole. Obeid alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, akitazama ukuta.

Zeituni aliona mchele ukimcheza machoni. Baba yake alikuwa anaitwa mwongo mbele ya mtaa mzima, na mwongo alikuwa yeye. Kama angesema siku ile ile, yule mama asingekuja kumfedhehesha baba. Alijaribu kujiambia kwamba yeye ni mtoto tu na hayamhusu, lakini maneno hayo hayakumkaa. Aliweka ungo chini, akamwendea baba yake.

"Baba, sikuwa bombani," alisema. "Nilikuwa ziwani. Niliona."

Alieleza yote, tangu foleni hadi filimbi. Salme aliposikia neno ziwani aliinuka kwa hasira, na aliposikia habari ya mkuki akaketi tena. Obeid alimuuliza mara tatu kuhusu lile kafi, na mara tatu Zeituni akajibu vilevile.

Salme ndiye aliyesema kwanza. Alimkumbusha mumewe kwamba askari wana kambi nzima ya wenzao, na kwamba wao ni watu wachache wasio na ukoo mkubwa wa kuwakinga. Mkalimani anayemleta bintiye kumshtaki koplo ataendelea kweli kuwa mkalimani? Obeid hakubisha. Alisema huenda atafukuzwa, na kwamba yeye pia anaogopa. Kisha akamgeukia Zeituni.

"Sitakuburuta," alisema. "Ukienda, nitakuwa nawe. Usipokwenda, sitakulaumu, maana nami kwa miaka kumi nimewaona watu wakinyamaza pale kortini, nikajiambia kazi yangu ni kufasiri tu."

Zeituni alisema atakwenda.

Siku ya korti Obeid alimweleza hakimu kwamba hawezi kufasiri, kwa sababu shahidi ni mwanawe. Aliitwa mwalimu mmoja kutoka shule ya Maseno kushika nafasi yake. Obeid akakaa kwenye benchi kama watu wengine. Koplo Mabruki alisimama upande mmoja na askari wenzake wanne nyuma yake, wote wakimkodolea Zeituni macho. Naye aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Hakimu alimuuliza kwanza kama anajua maana ya uongo.

"Najua, bwana," Zeituni alijibu. "Siku ile nilimwambia baba yangu nilikuwa bombani. Ule ulikuwa uongo. Ndiyo maana nimechelewa kuja."

Alieleza alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye mkuki, hakimu alimsimamisha na kumuuliza ulitoka mtumbwi gani. Akasema ni mtumbwi wenye pua iliyopakwa chokaa. Wakili wa koplo akainuka. Alisema kwamba mtoto huyu amekiri mwenyewe kuwa mwongo, na kwamba alivunja sheria ya karantini. Je, korti itamwamini huyu na kumwacha askari wa serikali? Zeituni alimtafuta baba yake kwa macho. Obeid alimwinamishia kichwa kumtia moyo.

Ndipo mzee mmoja akasimama nyuma kabisa. Aliitwa Ogweno, mvuvi mwenye mvi. Mikono yake ilikuwa imeshika kofia kwa nguvu. Mwalimu wa Maseno alifasiri maneno yake.

"Mkuki ule ni wangu, na mtumbwi wenye chokaa ni wangu. Mpini ulipasuka, nikaufunga kwa ngozi ya kenge. Fungueni kamba iliyozungushwa juu yake, mtaiona ngozi. Siku ile mlipouliza nilikuwa hapa hapa. Niliuona mkuki wangu mezani, nikaogopa. Lakini mtoto huyu amesema. Nitakaaje kimya?"

Kamba ilifunguliwa, na ngozi ya kenge ikaonekana. Kabla hakimu hajamaliza kuandika, mwanamke mmoja mkata mafunjo naye aliinuka. Alisema asubuhi ile, kwa mbali, alimwona koplo akitoka kwenye mtumbwi ule na kitu kirefu mkononi. Koplo Mabruki aliinamisha kichwa. Alipoulizwa tena, alisema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa alipoona kafi limeinuliwa, na baada ya kufyatua akaogopa zaidi.

Shauri lilipelekwa kwa jaji, na baada ya miezi mitatu koplo alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Wako waliosema ni michache mno kwa roho ya mtu. Wengine walistaajabu kwamba askari amefungwa hata siku moja. Obeid hakufukuzwa, ingawa kwa muda mrefu askari walimpita barabarani bila kumsalimu, na Salme hakumruhusu Zeituni kutembea peke yake.

Karantini ilipoondolewa, Mama Abich alikuja kuaga. Safari hii alikaa kwenye kigoda. Alimwomba Obeid radhi kwa maneno yake, naye akamwambia alikuwa na haki ya kuuliza. Kisha Mama Abich akamvuta Zeituni karibu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "Odindo harudi. Kijijini wangemtaja kama mtu aliyemshambulia askari kwa mkuki. Sasa watamtaja kama mtu aliyekuwa anampeleka mama yake hospitali. Hilo umenipa wewe."

Zeituni alipenda kusifiwa, lakini moyoni alijua kwamba kwa siku kumi yule mama alilia peke yake ilhali yeye alikuwa na neno la kumfuta machozi. Mgeni alipoondoka, alimuuliza baba yake kama sasa watu wataiamini korti.

Obeid alimketisha kando yake.

"Wengine, kidogo," alisema. "Hawana kosa wanaposita, mwanangu. Imani haiamrishwi kama watu wanavyoamriwa kusimama foleni. Korti ikitenda haki leo, wataiamini kidogo. Ikitenda tena kesho, wataongeza. Ikificha ovu moja, wataondoka wote. Lakini hakimu hakuwepo ziwani, wala mimi sikuwepo. Ulikuwepo wewe. Aliyeona akinyamaza, hata hakimu mwema atahukumu gizani. Usiseme uongo kwa kuogopa fimbo, maana fimbo huuma siku moja, na uongo huo ungemuuma mama wa watu maisha yake yote. Na ukigundua umeukosea ukweli, urudie upesi. Hata ukichelewa, urudie."

"Nimesikia, baba," alisema Zeituni.

"Basi nenda kwa mama yako," Obeid alisema. "Kuna adhabu ya kwenda ziwani, na hiyo bado hujaimaliza."