Diski Isiyofungwa Skrubu

"Diski umeniuzia mbovu. Siondoki hapa mpaka unipe nyingine."

"Mama, niliipima mbele yako. Ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, sasa mbona kompyuta haifunguki? Au tumeipika?"

Wateja wakacheka. Mama Flaviana hakucheka. Alisimama kashika kiuno mbele ya duka la vifaa vya kompyuta pale Sinza, sipiyu yake, lile boksi la kompyuta, kaibwaga juu ya kaunta. Kazi yake ni kupiga video za sherehe. Kompyuta ilikuwa imejaa, ndiyo maana jana yake alinunua diski ya pili ya kuwekwa ndani. Aliyemuuzia ni huyu kijana, Anselmo. Nyuma ya mama alikuwepo binti yake Auleria, wa darasa la saba, hatulii, mara asimamie mguu huu, mara ule.

Kelele zikamtoa ndani Bi Somoe, mwenye duka.

"Anselmo, malalamiko tena? Juzi chaja, leo diski. Kama unauza vitu bila kupima, kesho usije."

"Bosi, nilipima."

"Waambie hao, usiniambie mie."

Auleria alijua kilichotokea.

Asubuhi, mama alipokwenda sokoni Mabibo, alimwambia asiguse kitu mpaka binamu yake Jonas aje kuifunga ile diski. Lakini Auleria na kusubiri ni paka na maji. Alizima, akachomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa sipiyu, akaichomekea diski waya zake. Zikabaki skrubu nne za kuishikilia isicheze. Hapo wenzie wakamwita nje, mchezo wa rede unaanza. "Nitafunga baadaye," akasema, akafunika. Alipoinyanyua sipiyu kuirudisha chini ya meza, ndani kukalia ko. Kuwasha, kioo cheusi.

Mama aliporudi na kumbana, alimjibu, "Mie nimefunga kama Jonas anavyofungaga. Labda diski ndo mbovu."

Neno hilo moja ndilo lililowaleta wote Sinza.

Sasa Anselmo alikuwa anavua aproni ya duka, anaiacha juu ya kaunta. Auleria alitamani atoke mbio mpaka nyumbani Kimara. Badala yake akasogea kaunta.

"Diski haina kosa," akasema.

"Ongea kwa sauti, binti, huku nyuma hatusikii," mteja mmoja akadakia.

"Nimesema diski haina kosa. Sikufunga skrubu. Imeanguka humo ndani, nikanyamaza."

Mama akageuka polepole, akamtazama.

Anselmo akachukua bisibisi, akafungua. Kweli, diski mpya ilikuwa imelala chini kifudifudi, na ilipoanguka iling'oa waya wa diski ya zamani, ile inayowasha kompyuta. Akarudisha waya, akaifunga diski mpya kwa skrubu zote, akaitikisa kwa kidole. Haikucheza. Akawasha. Kompyuta ikafunguka, na diski zote mbili zikasoma.

"Kijana wangu, nisamehe," akasema mama. "Nimekuja kukutukana mbele za watu kabla sijafungua nikaona."

"Yameisha, mama."

Bi Somoe akachukua aproni, akamrudishia Anselmo. Kisha akamgeukia Auleria.

"Mwanangu, kuacha skrubu ni haraka za kitoto, zinarekebishika. Ila umesimama hapo unaona mwenzio anapoteza kazi, na ukweli unao mdomoni. Siku nyingine ukiharibu, sema palepale, kabla hajaumia asiyehusika."

"Nimekuelewa, bibi." Auleria akamsogelea Anselmo. "Kaka, nisamehe."

Anselmo alikuwa anafunga kamba za aproni.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ningefukuzwa, ungekuja kwetu kumwambia mama yangu sababu?"

Auleria akachukua bisibisi, akaanza kufunga skrubu za ubavu wa sipiyu, moja moja. Anselmo akageuka, akaenda kumsikiliza mteja mwingine.