Mgeni Haambiwi Sijui

Mume wa dada yangu tulimwita Santuri, kwa sababu ukishaweka sindano haachi mpaka upande wote uishe. Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii kwa miguu, ziara za saa moja moja, mgeni mmoja au wawili. Na katika kazi ile kulikuwa na sheria moja ambayo waongozaji waliambukizana kama mafua: mgeni haambiwi sijui. Mtu kavuka bahari kuja kuuliza. Akiuliza, ajibiwe. Jibu kama hulijui, litengeneze, lipige pasi, mpe likiwa bado na moto.

Shemeji aliitii sheria hiyo kuliko alivyomtii mama yake. Siku moja mgeni alimuuliza ukuta wa nyuma ya soko una miaka mingapi. "Mia nne," akajibu, jicho halikupepesa. Fundi aliyeujenga mwaka juzi alikuwa amekaa palepale kwenye kivuli chake, anafunga kamba za viatu. Fundi akavua kofia kwa heshima.

Tulikicheka kisa hicho mpaka mbavu zikaomba talaka. Siku hizi sikicheki.

Ilikuwa Jumatatu ya likizo ya shule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi jua likatoka kama mtu aliyekuja kulipiza kisasi. Shemeji alikunywa chai, akavaa shati lake jeupe la kazi. Binti zake wawili wakamng'ang'ania miguuni, huyu huku na huyu kule, akawaburuza mpaka mlangoni kama mtu aliyeazima viatu vya jitu.

"Mama watoto," akamwambia dada, "leo mgeni mmoja tu. Saa sita niko hapa."

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kutengeneza mguu wa meza ya dada. Maana yake, nilikuwa nimekuja kula.

Yaliyotokea baada ya hapo shemeji alinisimulia mwenyewe baadaye, amenishika mkono, na hakutia chumvi hata punje moja. Hilo peke yake lilitosha kunitisha.

Shemeji alimkuta mgeni ofisini kwa watalii, tayari amesimama. Mama wa makamo, mtulivu, viatu vyeupe vya turubai, daftari dogo na penseli mkononi. Karani akamsukumia shemeji ufunguo mmoja juu ya meza.

"Wa jumba la ghorofa, nyuma ya posta ya zamani."

"Lile tunalolipita siku zote?"

"Mgeni kaliomba mwenyewe. Ziara yote ni mle ndani."

Shemeji hakuwahi kuingia mle. Hakujua lilijengwa na nani, wala lini. Alichokijua ni madirisha yake ya kijani ya juu, ambayo asubuhi ile yalikuwa wazi, mapazia yanapepea. Pale ofisini ndipo alipotakiwa kusema, "Mama, jumba hili silijui, twende kwingine." Lakini sheria ni sheria.

Njia nzima ilikuwa matope. Walipofika barazani, viatu vya shemeji vilikuwa vimekuwa mabuti. Vya yule mama vilikuwa vyeupe. Akajisemea, kuna watu wanajua kukanyaga.

Wakaingia. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yao, polepole, bila kelele. Ukumbi mpana, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, ngazi ya mbao katikati. Harufu ya nguo zilizokunjwa zamani.

"Kiongozi," mgeni akauliza, "humu alikaa nani?"

"Mfanyabiashara mmoja, bibie. Tajiri wa kupindukia. Na watoto wake wanne."

Penseli ikakwaruza karatasi. Wakapanda ngazi. Chumba cha kwanza kilikuwa na vitanda vinne vidogo, vimetandikwa.

Shemeji alifurahi, jamani. Alijiona ni fundi: amepiga gizani na ndege ameanguka!

"Na watoto hao," mgeni akauliza, "walicheza wapi?"

"Hawakucheza popote. Baba yao aliogopa homa ya mjini, akaamuru wasitoke. Madirisha yote yakapigiliwa mbao."

Penseli ikakwaruza. Wakaingia chumba cha pili. Kilikuwa giza. Madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa mbao kwa ndani, misumari mikubwa, kutu imeshuka mbao nzima.

Madirisha yale yale. Ya kijani. Yaliyokuwa wazi.

Hapo shemeji alihisi jasho lake limebadilika, limekuwa la baridi. Na mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Santuri akiogopa ndiyo kwanza sindano inashuka. Wachekeshaji wenzangu wa jukwaani wanaujua ugonjwa huo: ukumbi ukiwa kimya, unaongeza mzaha.

"Nani aliyewafungia?" mgeni akanong'ona.

"Msimamizi wa nyumba! Ndiyo kazi yake pekee, kufungia watoto. Kibonge mmoja mfupi, shati jeupe, tumbo mbele. Yaani kama mimi hivi, bibie! Nakala kamili!"

Akacheka. Mgeni hakucheka. Aliandika. Kisha akapiga mstari chini ya alichoandika.

Mfuko wa suruali ya shemeji ukawa mzito. Akaingiza mkono. Aliingia na ufunguo mmoja. Sasa ulikuwa mtungo mzima.

"Na msimamizi huyo," mgeni akauliza, "alitoka lini?"

Shemeji akaelewa. Akaelewa kwamba akisema hakutoka, hatatoka. Akajiona mjanja.

"Alitoka," akasema. "Siku hiyohiyo. Mzima wa afya, kwa mlango wa mbele."

Penseli ikakwaruza.

Mfuko ukawa mwepesi. Na nje ya chumba, kwenye ngazi, akasikia nyayo zinashuka. Anazijua. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Ni mwendo wake mwenyewe. Funguo zinalia. Mlango wa chini ukafunguka, ukafungwa, kitasa kikazunguka mara mbili. Kisha barabarani, chini ya dirisha lililopigiliwa, mtu akacheka.

Kicheko kilikuwa chake.

"Sasa wewe uliyebaki," mgeni akasema, karibu sana na sikio lake, "utatokaje?"

Alifungua mdomo. Majibu kumi yakaja, yote matamu, yote yamepigwa pasi. Akayameza. Ulimi ulikuwa kama umebeba gunia.

"Sijui."

Penseli ikasimama.

"Sema tena."

"Sijui, mama. Sijui nyumba ya nani. Sijui kama kulikuwa na mtoto hata mmoja. Nimetunga yote."

Msumari mmoja ukadondoka. Ubao ukaning'inia. Mwanga ukaingia kama kisu. Akasema sijui tena na tena, mbao zinaanguka, mpaka chumba kikawa cheupe na mapazia yakapepea. Mgeni alikuwa anafunga daftari lake.

"Waliokutangulia hakuna aliyeliweza neno hilo," akasema. "Lakini yule ameshatoka."

"Kaenda wapi?"

"Kazini. Kazi yake umeitaja mwenyewe."

Mlango wa chini nao ulikuwa wazi. Shemeji alikimbia. Tumbo lile, matope yale, alikimbia.

Sasa rudi nyumbani kwa dada. Saa sita kasoro. Meza imesimama, japo ilikuwa inachechemea kuliko kabla sijaigusa. Dada anapanga sahani. Watoto wako sakafuni, wanachora kwa chaki.

Shemeji akaingia.

Hakusalimia. Hilo lilinishangaza, maana salamu ya Santuri huwa ni hotuba. Akazungusha kitasa nyuma yake. Akaenda dirisha la kwanza, akalivuta, akatoa msumari na nyundo.

Ko. Ko. Ko.

"Baba watoto," dada akacheka, "unataka tuive?"

"Homa iko mjini," akasema.

Nikapiga makofi! Mjinga mimi. Nilidhani ananiletea igizo jipya. Nikamwambia, "Shemeji, hapo pazuri, ila ongeza sura!"

Akanigeukia. Sura ilikuwa yake, kila kitu mahali pake. Lakini bati lilikuwa linatuchoma sote, na shati lake lilikuwa kavu. Halikuwa hata na mkunjo.

Dirisha la pili. Ko. Ko. Ko. Misumari miwili kila dirisha.

Nikaenda kumshika mkono. Ulikuwa kama chuma kilichokesha nje. Akaweka kidole kimoja kifuani kwangu. Nikakaa. Sikutaka kukaa. Nilikaa.

Dirisha la tatu. Chumba kikawa giza. Mtoto mdogo akaanza kulia. Dada akawavuta wote wawili ubavuni mwake, na nikamsikia anasema taratibu, "Kaka. Huyu nani?"

Akaanza kupigilia mlango. Msumari mmoja. Wa pili.

Mwisho akasimama katikati ya chumba, mtungo wa funguo mkononi, anawatazama watoto. Wao tu.

Hewa ilikuwa imekwisha, au mimi ndiye niliyesahau kuivuta.

Ndipo mlango ukagongwa kwa nje.

"Fungueni! Mama watoto! Ni mimi!"

Sauti ya Santuri. Nje. Na Santuri mbele yetu.

"Msifungue," wa ndani akanong'ona. "Huyo mwongo. Muulizeni lolote. Hajui kitu."

"Niulize!" wa nje akapiga kelele. "Shemeji, niulize swali! Lolote!"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Kaburi la babu yetu lina mawe mangapi?"

"Kumi na saba," akasema wa ndani, papo hapo.

Kwa nje, sauti ndogo: "Sijui."

Ninyi niambieni. Miaka kumi na tisa ya ushemeji sijawahi kusikia neno hilo mdomoni mwake. Nikasema moyoni, basi wa kweli ni huyu wa ndani. Nikageuka kabisa upande wake. Namwomba Mungu msamaha mpaka leo.

Kitu kikaanguka sakafuni. Kli.

"Mjomba," binti mkubwa akanong'ona. "Msumari umetoka."

Nikaangalia. Kweli. Wa dirisha la kwanza, umejichomoa wenyewe.

Nikapata nguvu. Kama kuna kitu nakiweza duniani ni kuuliza maswali ya kipumbavu kwa sauti kubwa.

"Mwezi unakula nini?"

"Mawingu," akasema wa ndani.

"Sijui!" akalia wa nje. Kli.

"Kuku wa kwanza alimwamkia nani?"

"Sijui!" Kli.

"Bahari ina ndoo ngapi?"

"Sijui!" Kli.

Wa ndani alikuwa anajibu yote, haraka, kwa mnong'ono, na kila jibu lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Akapiga hatua kuelekea kwa watoto. Dada akainua sahani. Nikauliza mfululizo, pumzi zimekata. Wa tano. Wa sita. Wa saba, wa mwisho wa mlango, ukaanguka.

Ulibaki mmoja, wa dirisha la tatu.

Na mimi, kwa tabia yangu mbaya ya kutaka kumaliza kwa kicheko, nikapiga kelele: "Kati yangu na wewe, nani anachekesha zaidi?"

"Mimi, shemeji!"

Lilimponyoka. Santuri ni santuri.

Wakati huohuo mlango ukampisha, akaanguka ndani, matope mpaka nyusi, shati limelowa kama limetoka kwenye beseni. Watoto wakamrukia. Dada akamrukia. Sahani ikavunjika. Nyuma yetu, katikati ya chumba, nyundo ilianguka sakafuni, na hapakuwa na mtu wa kuiokota.

Siku hizi shemeji bado anatembeza wageni. Wakimuuliza, nusu ya majibu yake ni sijui. Wanampenda hivyohivyo, wanasema ni mtu mkweli.

Lakini msumari wa dirisha la tatu umekataa. Dirisha lile liko juu ya kitanda cha watoto, kwenye kona ya chumba kilekile. Niliuvuta kwa koleo, koleo likapinda. Tulimleta seremala, akaweka nguvu zake zote, kisha akafungasha vifaa vyake, akaondoka bila kuaga. Shemeji huenda kusimama mbele yake na kuusemesha sijui, sijui, sijui, mpaka sauti inakauka. Hautikisiki. Swali lake lilishajibiwa.

Siku ile ulikuwa umechomoza upana wa vidole viwili. Dada huupima kila asubuhi kwa kidole chake. Jana alinipigia simu kabla watoto hawajaamka. Alisema umebaki ukucha mmoja, na kwamba kichwa chake kinang'aa, kama chuma kilichogongwa sasa hivi.