Mstari Mtupu kwenye Daftari la Zita

Siku wafanyakazi wa reli walipogoma, stesheni ya Padova ilifurika watu mpaka nje ya milango. Nives Zandonella alikuwa amekalia sanduku lake, amevaa gauni la bluu la kubana kiuno, midomo myekundu, nywele zimetengenezwa kwa ajili ya harusi ya binamu yake, na harusi yenyewe ilishampita. Alikuwa na hasira za kumtosha yeye na majirani. Hapo ndipo mwanamume mmoja mrefu akasimama mbele yake, shati la drafti, soksi nene za sufu, buti za mlimani zina matope katikati ya mji mwezi wa Juni.

"Samahani dada, hapo pembeni yako pana mtu?"

"Wapi, sakafuni?"

"Ndiyo, sakafuni."

"Kaka, sakafu ni ya serikali. Kaa."

Akakaa. Jina lake Ermes Sartorel, fundi wa lifti.

"Fundi wa lifti, halafu unapanda milima kwa miguu?"

"Ungezijua lifti kama ninavyozijua mimi, na wewe ungepanda kwa miguu."

Nives alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Treni ya kwanza ilipoingia, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na usiku huohuo simu ikaita.

Miaka miwili ikapita kwa simu za namna hiyo. "Umelala, laazizi?" "Nimelala." "Sasa anayeongea na mimi nani?" "Jirani. Mwenyewe kaniambia nikwambie anakupenda." Walipendana kwelikweli, asije mtu akasema vinginevyo. Ila Ermes alikuwa na jambo moja. Ukimuuliza twende wapi, atasema popote upendapo. Tule nini? Chagua wewe, mpenzi. Mwanzoni Nives alijiona malkia, maana alishakutana na wanaume waliomchagulia hata rangi ya viatu. Baadaye akaanza kuchoka.

Agosti, baada ya miaka hiyo miwili, wakachukua likizo, wakaamua kutembea ile njia ndefu ya milimani kutoka ziwa la Braies mpaka Belluno. Siku kumi, shanta mgongoni, kila usiku kulala kwenye nyumba ya wapandaji. Nives hakuwa mtu wa milima. Alikuwa muuguzi wa watoto njiti, mtu wa kutembea kwenye korido. Siku sita za kwanza alipanda akihema, akiapa kwamba akifika Belluno atazichoma moto hizo buti. Usiku alikuwa halali, anazimia.

Siku ya saba ndiyo ilikuwa siku nyepesi. Saa tatu tu za kutembea, njia tambarare inazunguka ubavu wa mlima, malishoni kengele za ng'ombe zinalia, jua la taratibu. Siku nyepesi zina hatari yake. Siku nzito mtu hana pumzi ya kusema lililo moyoni, lakini siku ile Nives alikuwa na pumzi tele, na moyoni mwake palikuwa na jambo la wiki tatu.

"Ermes, nina neno."

"Sema, mama."

"Trieste wamenipa kazi. Kusimamia wodi nzima ya watoto njiti. Mkataba wa miaka mitano."

Ermes akasimama. Akageuka, uso wote umechangamka.

"Nives! Jamani! Kwa nini hukuniambia?"

"Nakuambia sasa. Wanataka jibu leo, kabla ya saa sita mchana."

"Leo leo?"

"Leo leo. Nilisogeza, nikasogeza, sasa wamechoka kusogezwa."

Alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, pua imeungua kwa jua, na macho hayabanduki usoni kwa huyu mwanamume. Alitaka neno moja tu kati ya mawili. Ama aseme baki, ama aseme nakuja na wewe, maana lifti zipo Trieste pia na zinaharibika vilevile. Lolote kati ya hayo lingemtosha maisha yake yote.

Ermes akamshika mkono, akaubusu.

"Hongera, laazizi. Ni kazi unayoistahili. Uamuzi wowote utakaoufanya, mimi niko nyuma yako."

"Nyuma yangu," Nives akasema.

"Nyuma yako kabisa."

Wakaendelea kutembea, na kweli alikuwa nyuma yake.

Saa tano kasoro wakafika kwenye nyumba ya Zita. Zita alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mikono minene, aproni ya maua, sauti ya kuita ng'ombe. Aliwapokea mlangoni kama wanawe waliochelewa shule.

"Buti nje! Nimepiga deki sasa hivi! Haya, karibuni, supu iko jikoni. Na daftari liko pale mezani, msinilie supu yangu bila kujiandika. Mtu akipotea huko juu, bila daftari tutamtafutia wapi?"

Daftari hilo lipo katika kila nyumba ya wapandaji. Unaandika jina, ulikotoka, na unakokwenda. Ukiandika mwenzako pamoja na wewe, umemchukulia dhamana, na asipofika, wewe ndiye utakayeulizwa. Kwa hiyo watu wa milimani hawaandiki jina la mtu ovyo ovyo. Siku zote sita Ermes aliandika kwa niaba ya wote wawili, kwa mwandiko wake wa fundi: *Ermes Sartorel na Nives wake, mpaka Belluno.* Usiku wa kwanza Nives aliusoma mstari ule mara tatu, akajifanya anatafuta kalamu.

Ermes akatangulia kuandika, kisha akaenda nje kujaza chupa za maji. Nives akasogea mezani kuangalia, kama alivyozoea.

*Ermes Sartorel. Ametoka Padova. Anakwenda Belluno.*

Basi. Chini yake mstari mtupu, na chini ya mstari mtupu, familia ya Waholanzi waliojiandika mara baada yake.

Nives akausoma ukurasa tena. Kumbe ameshanitoa, akajisemea. Nimemwambia asubuhi, na kabla ya supu ameshanitoa. Hakulia. Alichukua simu, akamuuliza Zita mtandao unapatikana wapi.

"Kwenye hori la ng'ombe, binti. Simama upande wa kushoto, usitikisike."

Akasimama upande wa kushoto, hakutikisika, akapiga hospitali ya Trieste.

"Bi. Cosulich? Ni Nives Zandonella."

"Zandonella! Nilishakata tamaa na wewe. Mbona nasikia kengele, uko kanisani?"

"Niko na ng'ombe. Nimekubali kazi."

"Moja kwa moja? Hutanigeuka?"

"Moja kwa moja."

"Vizuri sana. Nitawatangazia saa sita kamili. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

Aliporudi, Ermes alikuwa mezani, mbele yake mabakuli mawili ya supu yenye madonge ya mkate, na la Nives amelifunika kwa sahani lisipoe. Alikuwa hajagusa lake.

"Umeshajiandika?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nijiandike wapi?"

"Kwenye daftari. Nimekuachia mstari."

Nives akaweka kijiko chini. "Umeniachia nini?"

"Mstari. Nimeona, kwa kuwa umepata hiyo kazi, haifai mimi nikuandike Belluno kama mzigo wangu. Labda unataka kushuka leo, labda unataka kuendelea. Nikasema uandike mwenyewe unakokwenda."

"Na kama nisingeona kwamba ni mstari wangu?"

"Ungekuwa wa nani tena?"

Nives akacheka, cheko baya. Akamweleza yote, kuanzia daftari mpaka hori la ng'ombe. Ermes akawa mweupe kama chumvi. Zita, aliyekuwa akifuta glasi, akaacha kufuta.

"Lakini sikukutoa, Nives! Naapa. Nilikuheshimu!"

"Najua. Sasa najua." Akatazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika arobaini. "Sikiliza, mpenzi. Bado dakika ishirini. Bi. Cosulich hajatangaza. Hori liko pale nje. Niambie nimpigie."

"Unataka kumpigia?"

"Ermes, nimekuomba uniambie."

"Lakini wewe unataka nini?"

"Nataka wewe utake! Miaka miwili nataka vya watu wawili peke yangu! Filamu mimi, chumba mimi, sikukuu mimi. Leo nataka mara moja tu. Sema baki. Au sema nakuja. Hata useme nenda usirudi, nitakushukuru!"

Ermes alimpenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote kinachopumua, na hilo hata glasi za Zita zililiona. Lakini alikulia katika nyumba ambayo baba aliamua kila kitu, na mama alikufa bila kuiona bahari aliyoitamani, iliyokuwa mwendo wa saa mbili tu. Alijiapiza udogoni kwamba hatamfungia mtu mlango. Kiapo kile alikitimiza sana, mpaka akasahau kwamba mtu huweza kuomba afungiwe.

"Nikisema baki," akasema polepole, "halafu ukaja kunilaumu baada ya miaka mitano?"

"Nitakulaumu. Watu waliooana hulaumiana, ndiyo kazi yao."

"Siwezi kukuamulia, Nives. Nisamehe. Siwezi."

"Mwanangu," Zita akafoka toka kaunta, "ukuni una ulimi kukuzidi wewe!"

Hakuna aliyecheka. Dakika zikaenda. Nives alikaa mikono mapajani, anamsubiri kama anavyowasubiri watoto njiti wa wodini kwenye visanduku vyao vya vioo wavute pumzi inayofuata. Wengi wao huivuta.

Saa sita ikagonga. Nives akainuka, akala vijiko viwili vya supu akiwa amesimama, kwa heshima ya Zita, kisha akachukua shanta lake. Zita akamkumbatia mlangoni, akamnong'oneza, "Basi la bondeni ni saa nane, binti. Ukitembea kawaida utaliwahi. Usikimbie."

Ermes alimfuata mpaka kwenye kibao cha njia panda, pale njia moja inaelekea kusini na nyingine inashuka msituni. Macho yake yalikuwa mekundu. Akamrekebishia mkanda wa shanta begani, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto sweta.

"Utanipigia ukifika?"

"Sijui."

"Nitakupenda daima. Unajua."

"Najua, Ermes. Hilo halijawahi kuwa swali."

Ermes akatazama njia ya kushuka, akamtazama Nives.

"Nikusindikize mpaka kwenye basi?"

Ermes angeshika tu lile shanta, angetangulia tu kushuka bila neno, pengine kazi ya Trieste ingevunjwa kwa barua ya kuomba radhi, na maisha yangekuwa mengine.

"Hapana," akasema. "Usijisumbue."

Akaanza kushuka. Kona ya kwanza alitembea polepole. Ya pili, polepole zaidi. Kwenye kona ya tatu aliinama kufunga kamba za buti zilizokuwa zimefungwa barabara, akazifungua, akazifunga upya, moja baada ya nyingine, huku masikio yake yote yako nyuma.

Kule juu, Ermes alikuwa bado amesimama kwenye kibao, mikono imening'inia. Alikuwa ameambiwa hapana, naye ni mtu mstaarabu, akatii.