Vidonda vya Homa na Mate ya Baraka

Mwaka 1984 sabuni ilikuwa adimu Babati. Ikisikika kwamba imefika dukani, watu waliacha majembe wakaenda kupanga foleni. Wengine walipanga mawe badala yao, wakaenda zao. Mawe yalisubiri kwa subira zaidi kuliko watu.

Bibi Sabaha wa Bonga hakuyaamini mawe. Alikuwa ndiyo kwanza amepona malaria, lakini alisimama juani tangu asubuhi hadi saa tisa. Alipata kipande kimoja cha sabuni. Siku mbili baadaye alikipeleka kijiji cha Nakwa kwa mwanawe, Herieli. Fabiola, mke wa Herieli, alikuwa na mtoto wa siku nne aliyeitwa Damasi.

Bibi alifika na sabuni, kibuyu cha maziwa, na malengelenge kwenye mdomo wa chini.

"Shikamoo, mama," alisema Fabiola.

"Marahaba, mwanangu."

"Mdomo umepatwa na nini?"

"Hiyo ni homa inatoka. Ukiona imetokea mdomoni, ujue imekwisha."

Watu wengi husema hivyo. Wanakosea, lakini husema kwa uhakika kabisa.

Bibi aliketi, akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Katika ukoo wao, bibi humbariki mjukuu kwa kumtemea mate kidogo usoni, huku akitamka maneno ya heri. Alikuwa amekwisha kukusanya mate mdomoni wakati jirani mmoja alipoingia. Huyo alikuwa Kandida, nesi wa zahanati, aliyekuja kutazama kitovu cha mtoto.

"Shikamoo, Bibi. Tafadhali, usimtemee."

Bibi aliyameza mate. "Marahaba. Kwani mimi ni mchawi?"

"Hapana, Bibi. Ni hivyo vidonda."

Herieli alikasirika. "Nesi, mama ametembea kutoka Bonga. Unataka nimnyime mjukuu wake?"

"Nataka mjukuu aishi," alisema Kandida. "Bibi, hiyo siyo homa inayotoka. Ni kirusi, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Pengine kilikuingia ulipokuwa mtoto. Kimekaa kwenye neva, ndani ya kichwa, karibu na sikio."

"Miaka sitini? Kilikuwa kinakula nini?"

"Hakili, Bibi. Kimelala."

Kandida alichukua khanga kitandani, akaikunja mara nne. "Herieli, soma maandishi."

"Hayasomeki. Umeikunja."

"Yamefutika?"

"Hapana, yamo ndani."

"Basi. Ndani ya kirusi kuna maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Kirusi kikifika kwenye neva, karibu maagizo yote hukunjwa hivi. Hayasomeki, kwa hiyo hakizaliani. Ukipata homa, jua kali au uchovu, maagizo hukunjuka." Aliikunjua khanga. "Yakisomeka, virusi vipya hutengenezwa. Husafiri kwenye neva hadi mdomoni, nawe unaona malengelenge. Vidonda vikipona, maagizo hukunjwa tena. Lakini kirusi hakiondoki."

"Na kwa mtoto?" aliuliza Fabiola.

"Mtu mzima, kirusi humsumbua tu. Mtoto mchanga hana nguvu za kukizuia. Kinaweza kufika kwenye ubongo. Mtoto hupata homa, hukataa kunyonya, hushikwa na degedege. Anaweza kufa."

Bibi alimrudisha mtoto kwa mama yake.

"Konstantini alikufa kwa degedege," alisema.

Konstantini alikuwa mtoto wa kwanza wa Fabiola. Alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya hapo, akiwa na wiki mbili. Watu walisema ni jicho baya.

"Nilipombariki, mdomo wangu ulikuwa hivi hivi. Nesi, ni mimi?"

"Sijui, Bibi. Degedege ina sababu nyingi. Sasa hakuna anayeweza kujua."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikumpunguzia uchungu. Bibi alilia kwa sauti. Fabiola alimtazama. Angeweza kumlaumu. Badala yake alisogea, akaketi karibu naye.

"Huyu tunaye, mama. Tumtunze huyu."

Kandida alieleza la kufanya. Bibi asimbusu mtoto wala kumtafunia chakula. Asiguse vidonda, na anawe mikono kwa sabuni mara kwa mara. Asimpakate mpaka vidonda vikauke kabisa. Mate yasimguse mtoto hata vikipona, kwa sababu kirusi huweza kutoka bila kidonda kuonekana. Mtoto akipata homa, akikataa kunyonya au akitokwa na malengelenge, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

"Na baraka je?" aliuliza Herieli.

Bibi alipangusa macho. "Maneno yangu hayana vidonda," alisema.

Alisimama mlangoni, akatema mate chini, nje. Kisha akageuka kumtazama mtoto. "Ukue, Damasi. Ufuge, ulime, uzeeke. Utuzike sisi sote."

"Amina," alisema Herieli.

Bibi alikaa Nakwa mpaka vidonda vilipokauka na magamba kudondoka. Kandida aliutazama mdomo wake. Ndipo Bibi alipompakata tena mjukuu.

Damasi alipita wiki mbili. Akapita mwezi. Mwezi wa tatu alipimwa uzito kliniki, na Bibi alikuwepo. Hakujua kusoma, lakini aliomba kadi, akafuata mstari wa uzito kwa kidole.

"Huu unakwenda juu?" aliuliza.

"Unakwenda juu, Bibi," alisema Kandida.

Bibi akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akaufuata tena.